Dadi na Mtani Wake wa Ambondrona

Kila ninapokutana na wasomaji wa riwaya yangu ya kwanza, ile ya mapenzi ya zama za malkia wa Kisakalava, hawaniulizi habari za wapenzi. Wale vijana wawili niliowaliza kurasa kwa kurasa, hakuna anayewajali. Wanataka kujua yule bikizee mwenye ulimi mkali nimemtoa wapi. Nimemtoa uani kwetu, mtaa wa Tsaramandroso, Mahajanga, pwani ya Madagaska, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, liwa ya msandali imemkauka usoni na kinywa hakikauki.

Alikuwa mama wa mama yangu. Tulimwita dadi, kama bibi anavyoitwa pande zile. Baba yake alikuwa Mngazija aliyekuja kufanya biashara, mama yake Msakalava, mwenyeji. Nyumbani tulisema Kimalagasi cha kaskazini-magharibi, na Kingazija kidogo watu wazima walipotaka tusielewe. Kiswahili kwa dadi kilikuwa maneno machache ya sala, ya mizani na ya bahari, basi. Kwa hiyo anayosema humu nimeyatafsiri mimi, na kutafsiri nimesomea.

Mimi ni mtu niliyejisomesha. Nasema bila haya, maana wako watu wa mtaa wetu wanaodhani diploma niliiokota njiani. Niliondoka Mahajanga msichana, nikaenda kwa shangazi yangu Mombasa, nikauza vitumbua asubuhi, nikafagia duka la kupiga chapa mchana, na jioni nikasoma. Chuo nilimalizia Unguja. Diploma ya Kiswahili, tena ya daraja la juu. Ipo sebuleni ndani ya kioo, mahali ambapo kila anayekuja kunywa chai hana budi kuiona. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuandika kitabu kabla yangu, na hadi leo sijaona dalili ya wa pili.

Niliporudi nikamwonyesha dadi ile diploma. Aliishika kwa ncha za vidole, akautazama mhuri wake kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hao wakubwa wa Unguja walipima pia wali wangu, au walikuwa wameshashiba siku hiyo. Nikamjibu kwamba walipima, wakaomba kuongezwa. Akacheka. Bibi na mjukuu wana utani wao, huo ni mdogo, wa nyumbani. Utani wake mkubwa ulikuwa na mtu mwingine.

Upande wa mama yake dadi alikuwa wa ukoo wenye watani. Kwetu mtani anaitwa ziva. Ukoo huu na ule, kwa sababu ya mambo ya kale ambayo kila mzee anayasimulia kivyake, watu wake wana ruhusa ya kutukanana popote wanapokutana, sokoni, harusini, hata matangani. Kukasirika ni marufuku. Na kuna sharti ambalo wageni hawalijui: lazima ujibu. Tusi la mtani lisilojibiwa hugeuka tusi la kweli, na aliyelitoa ndiye anayeona aibu.

Ziva wa dadi alikuwa mzee wa kisiwa cha Nosy Be, wa pale Ambondrona, aliyefanya kazi maisha yake yote mahali wanapochemsha maua ya langilangi kutoa mafuta ya manukato. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto. Harufu ilimwingia ngozini isitoke tena, hata akioga baharini. Binti yake alikuwa ameolewa mtaani kwetu, na kila mwaka alikuja kumtembelea. Lakini binti alimwona usiku tu. Mchana kutwa alikuwa uani kwetu.

Kumbukumbu yangu ya kwanza juu yake ni ya miaka ile ya mwisho ya sabini. Mahajanga ilikuwa imepita katika siku za damu, Wangazija wakiuawa mitaani, na jamaa zetu wengi wa asili ya Ngazija walikuwa wamekwisha kupanda meli na ndege wakaenda zao. Nyumba ya jirani tupu, ya pili yake tupu. Dadi alibaki kwa sababu kaburi la mama yake liko hapa, lakini hakusema neno. Alipika, alisali, aliniosha, hakusema. Mimi mtoto mdogo niliogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa makelele yaliyoutangulia.

Ndipo mchana mmoja yakaingia manukato uani kabla ya mtu. Mzee akasimama mlangoni, mfuko begani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na desturi ya kukohoa kwanza kabla ya kusema, kama mtu anayebisha hodi. Akakohoa.

"Ewe mwanamke," akasema, "nilisikia Mahajanga wameuawa watu wema. Nikajua wewe mzima."

Mama yangu alishika kinywa. Dadi alimtazama yule mzee, mkono wenye kipande cha nazi ukiwa umesimama hewani.

"Na wewe umekimbia njia yote hiyo," akajibu, "ukidhani nimekuachia urithi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya majuma mengi. Kisha akalia, akiendelea kukuna nazi, na mzee akakaa chini kwenye mkeka akaanza kulalamika kwamba hajapewa maji.

Tangu hapo nilikuwa nikimngoja kila mwaka kuliko nilivyongoja sikukuu. Dadi alimwambia ananukia kama bibi harusi na bado hakuna anayemtaka. Yeye alimwambia dadi kwamba waume zake wawili, Mungu awarehemu, mmoja alikufa kwa maneno yake na wa pili kwa mchuzi wake. Dadi alisema afadhali wao walikufa wamekula. Hakuna aliyewahi kumshinda dadi. Yeye ndiye aliyesema mwisho daima, na mzee alipokwama alikohoa mara mbili tatu, akaomba kahawa, na kahawa ikaja na vitumbua ambavyo sisi watoto tulikatazwa kuvigusa.

Nilipokuwa Mombasa, kisha Unguja, nikianza kuandika riwaya yangu, bikizee alikuja mwenyewe kwenye kalamu. Nilimfanya shangazi wa bibi harusi. Kijana mchumba alipofika kwa mbwembwe, bikizee alimuuliza kama yeye ndiye aliyemleta farasi au farasi ndiye aliyemleta yeye. Liwali alipojisifu kwa ukoo wake mrefu, alimwambia hata mkia wa ng'ombe ni mrefu, na angalia uko wapi. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alisoma sura tatu akacheka mpaka akavua miwani. Alitaka mswada wote. Nikarudi Mahajanga kuumalizia, nikiwa na hakika kwamba nimeandika kitu ambacho pwani nzima haijapata kukiona.

Dadi hakujua kusoma Kiswahili, kwa hiyo nilimsomea nikigeuza papo hapo kwa lugha yetu. Ilikuwa alasiri, anachagua mchele kwenye ungo. Nilisoma sura ya mchumba na farasi. Akatabasamu kidogo.

"Kijana akasemaje?" akauliza.

Nikamwambia kijana alipigwa na butwaa, akanyamaza. Nikasoma ya liwali. Akauliza liwali alijibu nini. Nikasema liwali naye alinyamaza, uso ukamwiva. Nikaendelea mpaka kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na kwa mama wa kijana, na kwa nahodha. Wote walinyamaza.

"Mjukuu wangu," dadi akasema, macho bado yapo kwenye mchele, "mji huu wa kitabu chako, watu wake wote ni mabubu?"

Nikamweleza, kwa utaratibu wa mtu aliyesomea mambo haya, kwamba ndivyo mwandishi anavyoonyesha ukali wa mhusika: anasema, na wengine wanabaki hoi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Dadi kwa watu wasiokuwa watani zake alikuwa na adabu ya kuchosha. Muuza samaki alimwita baba, hata karani wa kodi alimpa kiti. Mimi nilikuwa nimeishi na adabu hiyo utoto wangu wote nisiitie kitabuni, kwa sababu adabu haichekeshi.

"Lini umenisikia nikimtukana mtu asiyeweza kunijibu?" akauliza. "Huyu wako si mkali. Huyu ni mtovu wa adabu, na amezeeka peke yake. Umempa ulimi, hukumpa ziva."

Wasomaji wa leo wanamjua bikizee pamoja na mzee anayemjibu, na hawaamini ninapowaambia kwamba katika mswada ule mzee hakuwemo kabisa. Lakini siku ile nilikasirika. Nilikunja karatasi zangu nikasema watu wa Dar es Salaam wamecheka. Dadi akasema watu wa mbali hucheka upesi, hawana wali motoni.

Kabla sijaamua kumpa bikizee wangu mtani, ikaja habari. Mama mmoja mfanyabiashara wa mtaani alirudi kutoka Nosy Be, akapitia kwetu hata kabla ya kufika kwake. Mzee wa Ambondrona amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, na maneno yamekwisha kabisa. Hatoi hata jina la binti yake. Binti amehamia huko kumuuguza. Akili, alisema yule mama, ni nzima. Macho yanafuata kila kitu.

Dadi alimshukuru, akampa kahawa, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa juu ya mbuzi bila nazi.

Nikasema twende tukamwone. Akasema ataenda, hilo si swali. Alichokuwa hajui ni ataingiaje mlangoni.

"Nikimsalimu kwa adabu, atajua nimeshamzika," akasema. "Nikimtukana, nitakuwa nampiga mtu aliyefungwa mikono."

Nilielewa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, mwenye karatasi ya kuthibitisha, nilimpa dawa. Nikasema nitaandika majibu ya mzee, mazuri, makali, tumpe binti yake ayasome kwa niaba ya baba. Mzee atakuwa amejibu, sharti limetimizwa. Nilikuwa nimeshaanza kuyatunga kichwani. Dadi alinishika shavu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Wewe unajua kusema kama mimi," akasema. "Kama yeye hujui. Ndiyo maana ya wale mabubu wako."

Tukafunga safari. Barabara ya Mahajanga kwenda kaskazini wakati ule ilikuwa adhabu, na dadi mgongo ulikuwa mbovu, lakini hakulalamika. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, macho yamefumbwa. Nikadhani anasoma nyiradi zake, nikamwacha. Mara moja tu niliona anatabasamu katikati ya uradi, nikashangaa, kisha nikasema moyoni labda uzee.

Bandarini Ankify tulingoja chombo kijae abiria. Kisiwa kilikuwa mbele yetu, karibu kabisa, na dadi alikuwa akikitazama. Mimi mwandishi wa mapenzi nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu utoto. Kwa nini hakuolewa na mzee yule, alipobaki mjane, na mzee naye mjane?

"Ningeolewa naye ningelazimika kumheshimu," akasema. "Watu wa kumheshimu anao wengi."

Chombo kikajaa, tukapanda.

Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma kidogo ya pwani ya Ambondrona, ya mbao, paa la makuti, na uani mlangilangi mmoja mzee uliopogolewa mpaka ukawa kama mtu aliyeinama. Binti yake alitupokea kwa heshima zote, akatuletea maji, akamweleza dadi kwa sauti ya chini jinsi baba yake asivyokula. Anasukuma kijiko. Si kwamba hawezi kumeza, hataki. Waganga wote wamesema mwili utarudi kidogo kidogo kama atakula, na yeye amegeukia ukuta.

Dadi akasimama mlangoni mwa chumba. Mzee alikuwa amelazwa ubavu, mdomo umevutwa upande mmoja, jicho moja halifumbi. Alipomwona dadi, lile jicho na mwenzake yakamkazia. Sijapata kuona mtu anangoja kama alivyokuwa akingoja yule mzee. Nilisimama nyuma ya bibi yangu nikaona mabega yake yanapanda na kushuka chini ya lamba lake, shuka ya kujitanda mabegani, ya rangi ya zabibu, lamba zuri alilolivaa kwa ajili ya safari hii.

Akaingia, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Nimeambiwa njoo uone mgonjwa," akasema. "Naona mvivu aliyepata sababu."

Binti akatazama chini. Macho ya mzee yalimtoka, koo likacheza, midomo ikatikisika upande mmoja tu, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Ilikuwa ndiyo ile hali aliyoiogopa dadi. Mimi nikafungua kinywa kusaidia. Nilikuwa na jibu zuri tayari, nililitunga kwenye chombo. Dadi akainua kidole kimoja bila kunigeukia.

Kisha akakohoa.

Alikohoa kikohozi cha mzee, kile cha kubisha hodi. Na sauti iliyofuata ilikuwa nzito, ya kukokota, ya mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya moshi. Ilitoka kinywani mwa bibi yangu.

"Ewe mwanamke. Mimi nimepoteza nusu ya mwili. Wewe uzuri wako ulipopotea wote, nani alisafiri kuja kukupa pole?"

Mzee akatulia kabisa.

"Uzuri wangu upo," dadi akajibu kwa sauti yake mwenyewe. "Macho yako ndiyo yamekwisha."

Akakohoa tena. "Macho yangu mazima. Ndiyo taabu yangu tangu umeingia."

Binti wa mzee alijifunika uso kwa kanga, nikajua anacheka na hataki ionekane anacheka mbele ya baba mgonjwa. Dadi hakucheka wala hakututazama. Aliendelea, huku na huku, tusi lake na jibu la mzee, na nikaanza kuona anachokifanya. Matusi yake mwenyewe yalikuwa ya kawaida, mengine nilikuwa nimeyasikia. Majibu ndiyo yalikuwa mapya. Yale mazuri yote alimpa mzee. Alimfanya amseme juu ya hina anayojipaka kuficha mvi na umri anaoupunguza kila akihesabiwa, mambo ambayo mzee hakuyajua, ambayo hakuna aliyeyajua ila dadi. Hapo nikajua zile nyiradi za njiani zilikuwa nini. Safari nzima alikuwa anamtafutia mzee maneno ya kumpigia dadi mwenyewe.

"Hata ukiwa kimya," dadi akasema, "unanukia kama bibi harusi. Na bado hakuna anayekuja kukuposa."

Mara hii alichelewa kukohoa. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda. Aliposema kwa sauti ya mzee, alisema taratibu.

"Amekuja mmoja. Mgongo mbovu, njia mbovu, haya hana. Kila mwaka nilikuwa nikienda mimi, sasa amekuja mwenyewe, na bado anadai amekuja kunitukana."

Tukangoja. Mimi na binti tulikuwa tunamngoja dadi ajibu, maana ndiye wa mwisho daima. Dadi alimtazama mzee, na mzee akamtazama yeye.

"Sina jibu," dadi akasema, kwa sauti yake.

Sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo, wala mama yangu hakuwahi, nilimuuliza baadaye. Mzee alianza kutikisika bega moja. Nikaogopa, nikadhani ni kiharusi cha pili, kumbe anacheka, upande ule uliobaki hai, na jicho lisilofumba linatiririka. Alicheka mpaka binti akamshika asianguke.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, polepole, akashika lamba la dadi begani na kulivuta. Binti akataka kumzuia, akasema baba, la mgeni hilo. Dadi akamwambia amwache. Mtani akitamani kitu chako anakichukua, na huna ruhusa ya kumnyima wala kumdai. Kwetu hiyo ni haki ya zamani kuliko misikiti. Mzee alivuta mpaka lamba likatoka lote, akalikusanya kifuani kwake kwa ule mkono mmoja, akafumba jicho linalofumba.

Jioni ile alikula uji. Binti alitaka kutusimulia kila kijiko, dadi akasema inatosha, mtu kula si habari.

Tulikaa siku chache kisha tukarudi. Kwenye chombo cha kwenda Ankify jua lilikuwa kali na dadi mabega wazi. Nilimpa kanga yangu ya Mombasa, mpya, ya bei. Akaisukuma. Nikasema dadi, watu watakuona. Akakaa wima zaidi. Mama mmoja tusiyemjua, aliyekaa mkabala nasi na kapu lake, alimtazama kwa huruma, mwisho akashindwa kujizuia, akamuuliza kwa heshima lamba lake limepotelea wapi.

Dadi akamgeukia kwa adabu zake zote.

"Nimenyang'anywa, mwanangu," akasema. "Na ziva wangu. Ana nguvu yule."